Nje ya Kioo

Njagi alisimama nje ya dirisha la kioo akimtazama binti yake akimpungia mkono. Naye akapunga. Hakuhisi kitu.

Ndani, mkewe Alice alikuwa amevaa gauni la kijani, glavu na maski, macho tu yakionekana. Karimi, aliyekuwa gredi ya tatu kabla hajaugua, alilala uso wazi, kichwa hakina unywele. Kila aliyetaka kuingia alinawa mikono mpaka viwiko, akavaa, ndipo akasukuma mlango. Aliyetoka alivua tu, akaenda zake.

Alice alitoka wakazungumza kwenye korido.

"Daktari anasemaje?"

"Ni hivyo vijidudu, Baba Karimi. Anasema wiki hii ndiyo mbaya. Mwili wake hauna nguvu ya kupigana navyo."

"Na wewe huogopi?"

"Naogopa kila saa." Akamtazama kifuani. "Wewe na hicho kikohozi cha kifua chako, usiingie. Kaa hapo hapo nje."

Njagi alielewa. Mwenye kifua kibovu angekuwa wa kwanza kuchukuliwa na ugonjwa ule.

Huko kwao Kiambere, jambo lilikuwa limeshaenea. Watu walisikia "ugonjwa wa damu" na "chumba cha kutengwa", basi wakajijazia yaliyobaki. Dada yake Njagi, Gatakaa, alichoma godoro la Karimi nyuma ya boma na kikombe chake akakifukia. Njagi aliutazama ule moshi mpaka ukaisha, kisha akapeleka mbuzi kunywa maji.

Akija hospitalini Meru alikuwa akilala kwa Ismael, mwenye bucha karibu na soko la Gakoromone, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akinunua mbuzi wake.

"Mavazi hayo nayajua," Ismael alimwambia wakinywa chai. "Tuliyaona wakati wa korona. Walioingia bila kuvaa, wengine tuliwazika."

"Ni mtoto wangu, Ismael."

"Ni wako, ndiyo. Na wale wengine nyumbani je? Si wako?"

Njagi alikunywa chai yake ikaisha, wala hakujua kama ilikuwa na sukari.

Kesho yake Karimi alishika simu ya mama yake akampigia, wote wawili wakitazamana kupitia kioo.

"Baba, kila mtu anaingia. Mbona wewe huingii?"

"Nitaingia."

"Lini?"

Njagi alirekebisha kofia yake. Karimi akarudisha simu na kugeukia ukutani.

Ni mgongo ule ndio uliomshinda. Alice alipokwenda kuoga, na sista naye akaitwa wodi ya pili, Njagi alivua kofia, akapita lile sinki, akapita yale magauni yaliyotundikwa, akasukuma mlango. Hakutaka kumshika mtoto wake kwa plastiki. Kama ugonjwa ni wa kuchukua mtu, alijiambia, na unichukue.

Karimi alipogeuka alicheka kwa sauti.

Akampakata. Alikuwa mwepesi kama mwanambuzi aliyekosa maziwa. Akaweka shavu lake juu ya kile kichwa kitupu, akampulizia vidole vilivyokuwa baridi. Karimi akamwonyesha mahali sindano ilipoingia mkononi. Hapakuwa pamevimba, wala hapakuwa na usaha hata kidogo. Njagi akaona hiyo ni dalili njema.

"Mikono yako ni migumu, Baba."

"Ni ya kazi."

"Usiitoe."

Kitu kikamfunguka kifuani, akalia kwa mara ya kwanza tangu walipofika hospitali. Akampangusa Karimi machozi yaliyomdondokea usoni. Alipomlaza alimwomba asimwambie mama, naye akakubali kwa kichwa, akifurahia kuwa na siri.

Njagi akarudi Kiambere kungojea ugonjwa.

Kila alfajiri alijipapasa shingo. Alijitazama ulimi kwenye kioo cha kunyolea ndevu. Alilala peke yake kwenye kibanda cha kuni na kuwakataza watoto kugusa sahani yake. Chakula kilishuka vizuri. Usingizi ulikuja. Hata kile kikohozi alichokuwa nacho kikamwacha, kifua kikawa chepesi kuliko miezi yote iliyopita.

Polepole alianza kuamini. Akamwita Gatakaa, akasimama mbele yake.

"Nilimshika. Nitazame. Niko mzima."

Gatakaa alimtazama, kisha akainamisha macho na kwenda kutafuta kikombe kingine cha mtoto.

Njagi akapanda gari kwenda Meru siku hiyo hiyo. Safari hii angeingia mbele ya watu wote, na mkewe aivue ile maski wakae na mtoto wao kama watu.

Pazia la ndani lilikuwa limefungwa. Alice alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, hana gauni, hana maski, mikono juu ya mapaja. Daktari Rahema alikuwa amechuchumaa mbele yake, akiongea kwa sauti ya chini.

"Homa imetushinda," Alice alisema, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. "Ilianza na kikohozi, ikamwingia kifuani. Ameenda saa hii, Baba Karimi."

Njagi aliketi kando yake. Ule ubaridi wa zamani ukamrudia, ukamjaa mpaka kwenye vidole. Alitafuta kitu cha kumpa mkewe, akakipata kimoja tu.

"Hakuenda bila kushikwa na baba yake," alisema. "Niliingia, Mama Karimi. Sikuvaa kitu. Nilimpakata, na ugonjwa wake haukunipata."

Alice aliinua kichwa. Daktari naye alisimama polepole.

"Mzee," akasema, "Karimi hakuwa na kitu cha kumwambukiza mtu. Dawa zilikuwa zimemmaliza kinga yote mwilini. Zile maski tulivaa ili asipate vijidudu vyetu."