Pawasaplai Nyepesi

"Chukua hii mpya, mama," nilimshauri Mama Hamisa. Alikuwa ametoka Masaki ya Kisarawe hadi dukani kwangu Kwa Mathias kumnunulia binti yake pawasaplai, kisanduku cha kugawa umeme, kifaa cha mwisho kilichobaki kwenye kompyuta anayoiunda mwenyewe. "Mpya na ya mtumba, zote wati mia tano."

Akaziweka moja kila kiganja, akatulia kama anayepima korosho.

"Mwanangu, hii mpya ni pepe. Haina kitu ndani."

Nilicheka. Nikafungua skrubu nne nimwoneshe. Ndani kulikuwa na koili moja ya waya, ndogo kama kidole cha mtoto, na nafasi tupu.

Kicheko kikaniishia. Kitu kama kile huunguza mashine nzima.

Nilimpa ile nzito ya mtumba, nikachukua simu. Jana yake nilikuwa nimemuuzia mwalimu wa Gwata nyingine nyepesi vilevile.

"Mwalimu, shikamoo. Kompyuta umeshaiwasha?"