Aliyetangulia Kuruka

Kabla ya kumruhusu Torkel asogee ukingoni mwa jabali, Gunnvor alimtaka aape kwamba ataifungua parachuti.

"Niape kanisani au hapahapa?" Torkel aliuliza, akikaza mkanda wa kifuani.

"Hapahapa. Na unitazame usoni."

Akamtazama, akaapa. Gunnvor hakuridhika. Asubuhi hiyo, wakipanda njia ya mawe, alimwona mara mbili akisimama na kuyatazama maji ya ghuba kule chini, kama mtu aliyechoka anavyotazama kitanda.

Mruko huu waliupanga kwa miaka mitatu. Jabali la Svartnuten halikuwahi kurukwa na mtu, na kila aliyelitazama kutoka kwenye feri alijua sababu. Ukuta ulishuka wima mita mia sita, na karibu na chini mwamba ulitokeza nje kama tumbo. Hewa ikiwa tulivu chini ya tumbo hilo, unaelea taratibu mpaka kwenye kipande cha majani ufukweni. Upepo ukivuma kutoka majini, unakubamiza ukutani, wewe na parachuti yako. Aliye juu hawezi kuujua upepo huo. Kwa hiyo wa kwanza angeruka kwa bahati yake, kisha amwambie wa pili kwa redio ya mkononi: aruke, au ashuke kwa miguu.

Wa kwanza alikuwa Torkel siku zote, miaka saba sasa. Kiangazi cha mwaka juzi, kwenye jabali jingine, alimwambia Gunnvor kwa redio ashuke kwa miguu. Gunnvor alishuka saa nne nzima akilia kwa hasira. Wanaume wawili waliomcheka pale juu waliruka, wakazikwa wiki ileile. Tangu hapo alichosema Torkel kuhusu upepo hakukihoji tena.

Jumatatu, wakiwa wanakula mkate kwenye kibanda walichopanga, Gunnvor alimwambia Torkel kwamba mruko huu ndio wake wa mwisho. Anaolewa na Aslak, mwalimu wa mjini Stavanger, na Aslak hataki kulala na hofu kila wikendi. Torkel aliendelea kukwangua jibini la kahawia mpaka vipande vikajaa sahani, ndipo akampongeza. Aslak alipompigia simu kumwomba awe msimamizi wake wa harusi, alikubali bila kusita.

Lakini tangu siku ile hakula sawasawa. Juzi aligawa mbao zake za kutelezea kwenye theluji, akamwambia jirani hatazihitaji. Gunnvor alipopata habari hiyo, aliifungua parachuti ya Torkel yote, akaikagua kamba kwa kamba, akaikunja upya kwa mikono yake.

"Bibi harusi," Torkel alisema sasa, "nikipasuka huko chini, nani atamshikia bwana wako pete?"

Gunnvor hakucheka. Alimshika kola.

"Usipoifungua, Torkel, sitakusamehe mpaka naingia kaburini."

"Nitaifungua. Wewe ngoja nikuite."

Akapiga hatua tatu, akajirusha.

Gunnvor alilala kifudifudi ukingoni, akahesabu. Alipofika sita, kitambaa chekundu kilichanua kwa mlio kama wa kofi, kikaelea, kikapotea chini ya tumbo la mwamba. Ameifungua. Alizika uso wake kwenye ukoga wa mawe, akalia kwa furaha.

Chini ya tumbo, upepo ulimdaka Torkel ubavuni. Ulimgeuza, ukamtupa kuelekea ukutani. Kiatu chake kimoja kilikwaruza mwamba. Akavuta kamba ya kulia kwa nguvu zake zote, akaangukia mawe nje kabisa ya majani, uso mbele. Alijigusa mikono, miguu, shingo. Mzima. Alishangaa jinsi alivyofurahi kuwa hai.

Aliketi. Majani ya ufukweni yalikuwa yamelala yote upande mmoja, yakielekea ukutani, na parachuti yake ilimvuta mgongoni kama mbwa aliyefungwa. Akaichomoa redio haraka amwambie Gunnvor asithubutu. Sauti ya Gunnvor ikamtangulia.

"Torkel? Nimeiona ikifunguka. Ahsante, kaka yangu. Nilikuwa naogopa mno." Alikuwa bado analia. "Nitamwambia Aslak alikosea kukuonea huruma, eti huwezi kuishi bila mimi. Haya, upepo vipi huko?"

Torkel alitema damu. Aliyatazama tena majani, kisha akabonyeza kitufe.

"Umetulia kabisa," alisema. "Ruka."