Fyuzi Mkononi mwa Baba Mkwe

Inveta ya umeme wa sola ililia, taa nyekundu ikawaka, kisha ikajizima. Kwenye mashine ya kutotolea vifaranga, mayai ya Tupokigwe yalikuwa yameanza kupasuka. Sasa joto lilikuwa linapungua.

Chumba cha pili, nyuma ya pazia, inveta ilikofungwa, baba mkwe wake alikuwa amechomeka pasi anyooshe suti ya kanisani.

"Kitu gani hiki, kinadeka hivi?" mzee alinung'unika. "Natoa fyuzi, naweka waya."

Katika nyumba ile, kijijini Kinyala, kwa mila mkamwana na baba mkwe hawaonani uso. Tangu aolewe, Tupokigwe alikuwa akimwona mzee kwa mbali anakwepa, anapita nyuma ya migomba.

"Msiweke waya, baba," alisema kupitia pazia. "Haijaharibika. Pasi imeizidi nguvu, imejizima isiungue. Chomoeni pasi tu, itawaka."

"Mwambieni huyo mwanamke, nimetengeneza redio kabla hajazaliwa."

Hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Tupokigwe aligusa yai moja. Mdomo mdogo ulikuwa umetoboa ganda, ukatulia. Kisha akasikia koleo likikata waya.

Akafungua pazia, akaingia.

Mzee aligeukia ukutani upesi, akajifunika uso kwa koti la suti. Mkono mmoja ulibaki nyuma, umeshika fyuzi.

Tupokigwe alichomoa pasi. Akakinga kiganja chini ya mkono ule.

"Nipeni fyuzi, baba."

Koti halikusogea. Vidole vya mzee vikaanza kufunguka.