Chai ya Baba Ubaoni

Ndoa siku hizi huhuishwa kwa shairi. Kila mwaka mume humwandikia mke, na mke humwandikia mume, kisha sisi wa kidato cha nne tunafasiri bila kutajiwa majina. Darasa likiona shaka, ndoa imekwisha.

Leo ubaoni ulitokea ubeti huu:

Chai nimeimimina, kikombe chako chapoa,
Naogopa kukuona, usije ukanambia.

Wenzangu walisema mpenzi amesafiri. Mimi niliitambua chai ile. Mama hakusafiri popote. Alikuwa amejifungia chumbani, na baba alikaa mezani mpaka chai ikafanya utando. Zamu yangu ilikuwa inakaribia, na mtu akidanganya, dawati lake huwaka taa nyekundu.

Nikamkimbilia Mwalimu Kibwana mlangoni.

"Mwalimu, naomba unihamishie darasa B. Sasa hivi."

"Kwa sababu gani?"

"Hili siwezi kulisema. Nitakupigia magoti, mwalimu."

Alinitazama usoni, akaelewa. Akashusha sauti.

"Nafasi ipo, Mwanahawa. Lakini kule wanasoma shairi la mke, na wamekwama tangu asubuhi."

"Anasemaje?"

"Anasema yuko nyuma ya mlango. Amesikia kikombe kikiwekwa mezani, na mpaka sasa hajabishiwa hodi. Darasa linauliza kama huyo mume bado anamtaka."

Nilishika kitasa, nikashindwa kukizungusha.

"Mwanahawa," dawati langu likaita nyuma yangu, "zamu yako."