Rungu la Mnyororo

Fundi wa silaha za filamu alikuwa hoi bin taaban. Tangu asubuhi rungu lake la mnyororo, lenye tufe la mpira na miiba ya mpira, lilikuwa likidunda kila likirushwa, na mwongozaji hakuacha kufoka.

"Linarukaruka kama mpira wa watoto! Leta lile la chuma."

"Lile ni la kupigwa picha za karibu tu, bosi, si la kurushwa. Na anayerushiwa ni kaka yangu."

"Atalikwepa. Ndiyo kazi yake."

Kaka mtu, aliyevaa deraya kwa niaba ya mwigizaji mkuu, alivua kofia ya vita akaiweka mezani. "Mpe tu, dada, tukapumzike."

Fundi akaenda kulileta lile la chuma. Lilikuwa la baridi, na uzito wake ulimvuta bega. Akaitazama ile kofia, bati tupu lililopakwa rangi ya fedha. Hakuwa na nguvu za kubishana. Akainua mkono, akaliachia tufe lianguke lenyewe.

Kofia ilibonyea kama karatasi, miiba ikakita kwenye mbao za meza.

Kaka yake alipitisha kidole kwenye tundu moja, kisha akaanza kufungua kamba za deraya.