Lango la Bwawa

Umeme ulipokatika kwa mvua, swichi ya lango la bwawa haikuitika tena, lakini Mwanahawa hakubabaika. Aliwasha pampu ya dizeli, akapiga magoti mbele ya vali inayoelekeza mafuta ya mtambo: yakipita upande mmoja lango hupanda, yakipita wa pili hushuka. Ubavuni pa vali palikuwa na pini ndogo ya chuma, ya kusukumwa kwa mkono umeme ukikosekana. Akaifuta tope.

Mumewe, Shebe, aliingia mbio kwenye chumba cha mitambo, amelowa chapachapa.

"Mama Rehani, ngoja kwanza! Mahindi yamekauka, tunavuna wiki hii. Ukifungua, maji yote yanapita shambani kwetu."

"Najua yanakopita. Lile shamba nimelilima mimi."

"Basi subiri mvua ipungue."

"Ukuta hausubiri, Baba Rehani. Ukipasuka, mji wote huko chini unakwenda na maji."

Shebe alichungulia dirishani. Maji yalikuwa yameshafika ukingoni, yanalamba saruji.

Mwanahawa aliweka ncha ya bisibisi kwenye pini, akasukuma. Ilikuwa ngumu. Mkono wa mumewe ukashuka juu ya wake; akadhani anamzuia, kumbe anasukuma naye. Pini ikaingia. Mabomba yakatetemeka, chuma kikalia, lango likaanza kupanda.

Walitoka, wakasimama mvuani. Bondeni, maji mekundu yaliingia kwenye mstari wa kwanza wa mahindi, na mabua yakainama yote pamoja, kama watu wanaompisha mgeni.