Bangili Isikiayo Salamu

Siku hizi mtu wa jeshi, awe askari au ofisa, akiulizwa "Hujambo?" karibu na bangili ya ofisa ustawi, akajibu "Sijambo," basi bangili huwaka kijani na kisheria amepona. Kesho yake anarudi kazini, na kama ni askari, lori linampeleka vitani. Ndiyo maana maofisa ustawi waliacha kusalimia watu. Namsifu, ofisa ustawi wa jeshi anayekagua afya za askari, aliielewa kazi yake hivyo: kusimama kati ya askari na lori, hata akiitwa hana adabu.

Siku moja aliingia nyumbani kwa Koplo Elinihaki kimya. Koplo alishika kikombe kwa mikono miwili, na chai bado ikamwagika.

"Usiku umelalaje?"

"Silali, dada. Nawasikia wenzangu wa vitani wakilia."

Jibu hilo lilitosha kumbakiza nyumbani. Namsifu akainuka, lakini Nakijwa, mke wa koplo, akamzibia mlango.

"Umeingia kama mbuzi, unatoka kama mbuzi! Kwenu hamsalimiani?"

Namsifu aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Ulimi ukamponyoka. "Nisamehe, kaka. Hujambo?"

"Sijambo, dada," koplo akajibu kwa adabu, chai ikimchuruzika vidoleni.

Bangili ikawaka kijani.

"Hapana! Sema hulali! Sema tena!"

Koplo akamshangaa. "Si umenisalimia? Nami nimeitika."

Jioni mume wa Namsifu alimpokea mkoba mlangoni. "Hujambo, mke wangu?"

Namsifu alifungua mdomo aseme yote.

"Sijambo," akasema, na bangili ikawaka kijani.